Wanga Uliovunjwa kwa Ndimu

Habari ya kifo cha wifi yangu Mwanaesha ilinikuta nimeinamia kinu hapa Ozi, na jambo la kwanza nililolifikiri, Mungu anisamehe, halikuwa kumwombea rehema. Nilifikiri: basi amekufia mle mle ndani. Nikaweka mchi, nikaoga, nikatafuta mtumbwi. Kutoka Ozi mpaka Kipini si safari ya kuagana kwa machozi. Ukitoka jua likichomoza, sala ya adhuhuri utaisalia huko. Mwendo huo nimeupima kwa mawazo mara nyingi kuliko nilivyoupima kwa kasia, maana uko mwaka mmoja wa ujana wangu niliokaa Kipini nikiwa karibu na kwetu kiasi hicho, na nisiweze kufika. Ulikuwa ni mwaka ule bendera iliposhushwa Kipini ikapandishwa nyingine, na watu wakabishana barazani juu ya maana yake. Mimi bendera zote mbili sikuziona. Nilisikia tu watu wakibishana.

Mambo ya posa na mahari waliyajua wakubwa, nami sina haja ya kuyarudia. Nilikuwa msichana mzima mwenye mikono ya jembe, niliyezoea kuvuka mto peke yangu na kulinda mpunga usiliwe na ndege. Nikaolewa na Athmani wa Kipini, mtu mpole wa biashara ya Lamu na Barawa, aliyekaa nami siku ishirini kisha akasafiri. Nikabaki na mama yake, Bi Rukia, na dada yake, Mwanaesha, ambaye alinizidi miaka miwili mitatu na hakuwa ameolewa. Katika nyumba ile wanawake walitawa, yaani hawakutoka mchana wala hawakuonekana na mtu wa nje. Kwetu mtoni mwanamke akikaa ndani siku tatu watu huja kumpa pole wakidhani anaumwa. Kwao ilikuwa ndiyo heshima, na niliambiwa kwa uso mkunjufu kabisa kwamba sasa na mimi nimekuwa mtu wa heshima.

Nyumba hiyo naijua kuliko ninavyoijua hii yangu. Mlangoni palikuwa na daka, ambapo wageni wanaume waliishia. Ukipita daka unaingia kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, wenye jiko kwenye pembe moja, na kuta ndefu hata kunguru hutua juu yake akatazama chini kama mtu aliyechungulia kisima. Kisha ukumbi, kisha chumba tulichokiita ndani, chenye vidaka ukutani vya kuwekea sahani za maua, na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Nilikuwa nikisimama pale dirishani nikiutazama ukuta ule. Nilijua kila ufa wake. Mto ulipojaa, maji yakipiga magogo ya gati, nilisikia mlio wake kutoka pale pale, na nilijua kwa mlio tu kwamba kwetu maji yameshaingia mashambani na watu wanapanda mpunga bila mimi.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa wanga. Bi Rukia ndiye aliyezitia wanga kanzu na kofia za waungwana wa Kipini, na kabla ya Idi nguo zilikuja hata kutoka Mkunumbi. Wanga wenyewe ulitokana na uwanga, kiazi cha mwitu kinachoota kwenye mchanga wa pwani, kichungu hata nguruwe hukiacha. Tulikikwaruza kwa jiwe la matumbawe, tukakiosha, tukakiacha kituame, tukamwaga maji, tukakiosha tena, mara saba au nane, mpaka uchungu umekwisha na chini ya chungu umebaki unga mweupe unaolia ukiubana kwa vidole. Kuosha ilikuwa kazi yangu. Kukwaruza ilikuwa kazi yangu pia, maana mikono ya Bi Rukia ilikuwa imeanza kukunjika kwa baridi yabisi, na sasa ninapofikiri naona kwamba alimposea mwanawe mikono, mimi nikaja pamoja nayo. Lakini unga ukishapikwa, chungu kilibebwa ndani nyuma ya pazia, na huko Bi Rukia alikifanyia jambo ambalo mimi sikuruhusiwa kuliona. Kikirudi, ule uji wa kawaida ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mzito unaovutika, unang'aa, na unateleza mkononi kama sabuni.

Ilinichukua wiki mbili kujua. Pua yangu ni ya mtu aliyekulia jikoni. Ulikuwa unanuka majivu. Nyuma ya pazia palikuwa na mtungi wenye tundu, umejaa majivu ya makumbi ya nazi, na maji yaliyochujika humo ndiyo aliyoyatia. Hata unga mkavu usiopikwa, ukiutia maji makali ya majivu, huvimba wenyewe ukawa ute bila kuona moto. Mwanaesha alinionyesha hilo siku moja kwenye kifuu, mama yake akiwa amelala, akacheka kwa kuziba mdomo. Mwanaesha alikuwa hivyo, hawezi kuona kitu asitake kujua kitageuka nini. Aliukaanga unga mkavu wa uwanga kwenye kikaango mpaka ukawa rangi ya tende, kisha akanionyesha unavyoyeyuka kwenye maji ya baridi na kuwa gundi, na kwa gundi hiyo alikuwa amebandika kurasa zote zilizokatika za juzuu za nyumba ile. Unga ni ule ule, aliniambia, kinachougeuza ni ulichoutendea. Nilimpenda. Ni lazima niliseme hilo mapema kabla sijaeleza nilivyomtenda.

Chakula chao kilikuwa kizuri, siwezi kukisingizia. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa mofa asubuhi na chai. Lakini kambare hakupikwa mle, maana Bi Rukia alisema ni samaki wa matope, naye akisema matope alikuwa akinitazama. Nilikula vizuri na nikakonda. Athmani aliporudi mara moja katikati ya mwaka alinishika mkono akauliza kama naumwa. Nikamwambia nataka kwenda kwetu siku saba tu. Akasema ni haki yangu, lakini mwenye nyumba ni mama, niseme naye. Nikasema naye. Bi Rukia akajibu kwa upole kwamba mwali haendi kwao kabla ya mwaka, ni mkosi, na isitoshe nani ataosha uwanga? Athmani akasafiri tena. Mtu mpole ni mzuri kuishi naye, lakini hafungui mlango.

Siku ya kumi ya Ramadhani alikuja Buya, mvuvi wa kwetu Ozi. Niliitambua sauti yake dakani, ile sauti ya mtu anayezungumza Kiswahili kwa kukitafuta neno moja moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa ukumbi, nimeshika beseni la maji ya uwanga. Alisema mama yangu koo limevimba, siku ya nne hali kitu, hata uji haupiti, anakunywa maji tu, na maji yenyewe kwa tabu. Alisema wamemtuma anichukue. Bi Rukia alimsikiliza mpaka mwisho, akamwombea mgonjwa dua nzuri, akasema nitakwenda baada ya Idi. Kisha akafunga mlango, akapita mbele yangu, akanikuta na beseni langu, na hakuniambia kitu. Wala mimi sikumwambia kuwa nimesikia. Mpaka leo sijui ni kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba nikisema ataniambia hapana, na maadamu hajaniambia hapana niliweza kuendelea kuosha uwanga nikihesabu siku.

Siku zile kumi na tisa sitamtakia adui. Nilikuwa nikila futari nikifikiria koo la mama. Tonge likipita nilijiona mwizi. Mwanaesha aliona, akaniuliza, nikamwambia, naye akaenda kunisemea kwa mama yake, nikawasikia wananong'onezana ndani. Bi Rukia alimwambia kanzu kumi na moja zinangoja, na moja ni ya karani mkuu wa forodha, ambaye Idi iliyopita alilalamika mbele za watu. Kulalamika kwake kulikuwa kwa haki. Wanga wa majivu ulikuwa mkavu kama ubao asubuhi, lakini majivu huvuta unyevu, na pwani ile siku za upepo wa bahari hewa yenyewe ni maji. Kufika khutba kanzu imelainika na kuganda shingoni. Isitoshe ilianza kuwa njano kwenye mikunjo. Waungwana wawili walikwisha kupeleka nguo zao Lamu. Bi Rukia alikuwa anapoteza jina lake na hakujua kwa nini, na mtu anayeogopa kupoteza jina hana nafasi ya kusikia habari za koo la mtu wa Ozi.

Ikawa siku ya ishirini na tisa. Huenda mwezi ungeonekana magharibi ile, kwa hiyo kanzu zilitakiwa ziwe tayari siku hiyo hiyo. Alasiri niliteleka vyungu viwili vya uwanga juu ya mafiga, kimoja cha kanzu, kimoja cha uji wa kufuturia. Vilikuwa vyungu pacha, vya mfinyanzi mmoja. Sasa, kwetu Ozi uji wa uwanga hukamuliwa ndimu, kwa sababu kama unga haukuoshwa sawasawa huwasha koo, na ndimu huuondoa ule mwasho. Siku ya kawaida mtu huonja kwanza, akiona hauwashi hahitaji ndimu nyingi. Lakini nilikuwa nimefunga, sikuweza kuonja, na nilikuwa na koo la mama akilini. Nikasema afadhali zizidi. Nikakamua ndimu sita chungu kikiwa kinachemka, nikakoroga, nikaacha moto mkubwa, nikaenda kusali. Niliporudi nilikuta chungu nilichokitia ndimu kimekuwa maji. Ule uji mzito uliokuwa ukirusha mapovu ya uvivu ulikuwa umevunjika, unamwagika kutoka kwenye mwiko kama maji ya madafu, unang'aa. Nikatazama upande, nikaona chungu cha pili kizito vile vile, nikafahamu kwamba nimekamulia cha kanzu.

Bi Rukia alitoka kukichukua. Akaingiza mwiko, akauinua, akautazama ukichirizika.

"Umetia nni humu?" aliniuliza.

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alikaa kitako kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akashika magoti yake kwa ile mikono iliyokunjika, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mwanamke mzee aliyechoka. Unga ulikuwa umekwisha. Uwanga mwingine ungehitaji siku nne kuoshwa na kutuama. Akakichukua kile chungu cha futari, akakipeleka nyuma ya pazia kukitia majivu, kwa ajili ya kanzu sita za wakubwa. Zile tano za wadogo akasema zitiwe kwenye maji yangu ya ndimu, ni afadhali kuliko maji matupu, na Idi ikipita tutazungumza. Tulizichovya, tukazianika, tukazipiga pasi ya makaa. Futari tulifungua kwa tende na maji ya uwanga yaliyobaki, yale yaliyovunjika, machachu, na nakumbuka Mwanaesha alikunywa bakuli zima akasema kwa mshangao kwamba humo mna unga wa pishi nzima, na bado umeshuka wenyewe. Nilimsikia, lakini neno hilo lilikuwa bado halijanifikia.

Siku ya Idi hewa ilikuwa nzito, na ukuta wa jirani ulitoa jasho. Wanaume walirudi kutoka msikitini na mimi nikasikia sauti ya karani mkuu dakani, hata kahawa hajanywa. Kanzu yake imemganda mwilini kama ngozi ya pili. Lakini mwandishi wake mdogo, aliyesimama safu ya nyuma, ana kanzu iliyosimama kama imetoka dukani sasa hivi, laini, haina magamba wala utando, na ukiipinda haivunjiki. Alitaka kujua ni kwa nini mdogo wake katiwa wanga bora kuliko yeye. Bi Rukia akajibu haraka kwamba ule ni wanga mpya, alikuwa akiujaribu kwa watu wadogo kwanza asije akamharibia mkubwa. Nilicheka peke yangu nyuma ya mlango, kwa mara ya kwanza tangu mfungo. Baadaye Mwanaesha alinifafanulia kwa kanzu mbili mkononi. Uji mzito hukaa juu ya uzi kama tope juu ya ngozi, ukikauka hupasuka. Ule uliovunjwa ni mwembamba, huingia ndani ya uzi, na ndani humo hukauka ukawa mgumu.

Nilikwenda kwa Bi Rukia siku ile ile. Nikamwambia Idi imefika, nami nilimsikia Buya. Akaniambia jambo ambalo sitalisahau, naye alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi.

"Mwanangu, zamani ningekuacha wende. Yeo umeshika kitu. Ukitoka wewe, kimetoka."

Ndipo nilipoona nilivyofungwa. Kabla ya hapo sikuweza kwenda kwa kuwa sijui kitu, na ninahitajika kuosha. Sasa siwezi kwenda kwa kuwa nimejua. Siri ya majivu ilikuwa imemweka yeye mle ndani maisha yake yote, naye hata hakuiona kuwa ni kifungo. Alidhani ni utajiri. Nilirudi dirishani kutazama ukuta wangu. Nikafikiri kutoroka, lakini ningetorokea gatini mchana bila buibui, na ndugu wa mume wangu wangenirudisha kabla sijapata mtumbwi. Nikafikiri kukataa kazi, lakini mama yangu hakuwa na siku za kungoja mgomo. Na nilipokuwa nikifikiri hivyo Mwanaesha aliketi mkekani akibandika ukurasa, na wazo lilinijia nikimtazama yeye. Nalikumbuka vizuri kwa sababu niliona haya hata kabla sijalisema.

Nilimwambia Bi Rukia kwamba nitamfundisha Mwanaesha. Kitu hakitatoka, kitabaki kwa damu yake, na Mwanaesha hana pa kukipeleka. Mimi niachwe niende. Bi Rukia alifikiri mpaka alasiri. Kisha akaleta juzuu, ile ile iliyobandikwa kwa gundi ya uwanga, akaniapisha kuwa sitamfundisha mtu wala sitautia nguo wanga ule maisha yangu yote. Nikaapa. Ningeapa kwamba mimi ni kunguru.

Kumfundisha kulichukua siku moja. Nilimwonyesha ndimu zitiwe chungu kikichemka, si kabla. Nilimwonyesha kwamba ndimu zikizidi na moto ukizidi wanga hufa kabisa, hauna tena mshiko, kwa hiyo lazima auinue mwiko mara kwa mara na kutazama matone. Alikuwa mwepesi kuelewa kuliko mimi. Mwisho aliosha mikono akaikausha taratibu kwenye leso.

"Haya, nimeyua," aliniambia. "Wewe watoka kwa sababu mimi nimeyua. Na mimi, wifi, n'tatoka kwa sababu ya nani?"

Nilimwambia nitarudi. Wote wawili tulijua ni uongo, naye kwa huruma yake akanifungia kamba ya kikapu, akanitilia ndimu kumi mle ndani za kumpelekea mgonjwa.

Nilimkuta mama yangu hai. Alikuwa amelala kibandani kando ya mto, amebaki macho tu. Walimjaribisha uji wa mchele na uji wa ndizi, kila uji mzito ulirudi puani, na uji walioupunguza kwa maji ulikuwa maji matupu usio na nguvu. Hapo ndipo neno la Mwanaesha la siku ile ya futari liliponifikia: humo mna unga wa pishi nzima na bado umeshuka wenyewe. Nilifunga mlango wa kibanda. Nilipika uwanga mzito mno, nikauvunja kwa ndimu za Mwanaesha mpaka ukachirizika, nikatia asali, nikamnywesha kwa kijiko. Ndimu ilimchoma, alikunja uso mzima, lakini ukapita. Ukapita na wa kijiko cha pili. Siku ya tano uvimbe ulipasuka wenyewe, na mama yangu aliishi mavuno mengine manane, akilalamika juu ya kila kitu mpaka siku ya mwisho. Kuhusu kiapo nilijiambia kwamba niliapa juu ya nguo, sikuapa juu ya koo. Lakini niliufunga mlango nilipokuwa napika, na sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Alidhani ni asali.

Talaka yangu ilikuja kwa barua, ya upole kama mwenyewe. Niliolewa tena hapa hapa, nikapata mabinti watatu. Na kila mwaka, mwezi wa Shaabani, ulikuja mtumbwi kutoka Kipini na kikapu cha ndimu, bila barua wala salamu, ila kwamba zimetoka kwa Mwanaesha. Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa pili nilikasirika. Niliona ananikumbusha kwamba niliuza mtu nikanunua mlango. Nilizigawa, nyingine nikaacha zioze mvunguni, wala sikumtumia neno wala kuuliza habari zake, kwa maana ningemwambia nini? Nyumbani kwangu sikupika uwanga tena. Nikiona kanzu iliyosimama vizuri sokoni Garsen nilikuwa nageuza uso, nikidhani ni mkono wake uliofungiwa mle ndani unaoniashiria.

Basi nilifika Kipini kwenye matanga, siku tatu kabla ya Idi, nimejitayarisha kuingia katika nyumba ile kama mtu anayejipeleka kwa hakimu. Tangu gatini nilisikia harufu. Kichochoro kizima kilinuka ndimu. Nyuma ya kila ukuta palikuwa na chungu kinachochemka. Nilidhani ni akili yangu ya uzee. Mle ndani wanawake walikuwa wanasoma hitima, na mmoja alinipa juzuu niishike, nikaifungua, kurasa zake zilikuwa zimebandikwa kwa gundi ya rangi ya tende na hazikuachia. Nikakaa kando ya jirani yake wa miaka mingi, Bi Saada, ambaye ukuta wake ndio niliokuwa nikiutazama. Nilipomaliza kusoma nilimwuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyewafundisha watu wa mtaa huu wanga wa ndimu.

Bi Saada alishangaa kwamba siujui. Akaniambia ni marehemu, tena wiki ile ile niliyoondoka. Alipanda juu ya kibao cha mbuzi pale kiwandani, akamwita yeye Saada kwa juu ya ukuta, akamweleza yote, ndimu ngapi, moto kiasi gani, na akamwambia amweleze jirani wa pili, naye wa tatu. Mama yake alilala kitandani mwezi mzima, hasemi naye. Lakini Idi iliyofuata kila kanzu ya Kipini ilikuwa imesimama, hapakuwa na siri tena ya kulinda, wala sababu ya kumlinda mtu. Mwanaesha akaanza kutoka, kwanza arusini, kisha shambani, kisha akaolewa Mkunumbi, akafika Lamu, akafika hata Barawa. Ni uzeeni tu alirudi katika nyumba ya mama yake, kwa kupenda. Ni yeye aliyegundua pia kwamba ndimu ikibaki kwenye nguo huila nyuzi za kola, na kwamba mwisho wa kupika ni lazima utie tone la maji ya majivu ili kuua uchachu. Bi Rukia alipoambiwa hilo, kwamba majivu yake yamerudi chunguni, ndipo alipoinuka kitandani.

"Lakini mama yake alituapisha," nilisema.

"Alikuapisha wewe," alijibu Bi Saada. "Mwanaesha hakumwapisha. Alidhani mwanawe hana pa kwenda." Kisha akanitazama vizuri. "Nawe ndimu zake ulizifanya nni? Kila mwaka, hata akiwa Mkunumbi, aliagiza zichumwe hapa na kusema, wifi yangu namtumia akumbuke mlango u wazi, hajibu, labda kazi ni nyingi kwao."

Miaka thelathini na zaidi nilimhurumia mtu aliyekuwa akitembea Barawa. Niliyekaa ndani ni mimi, kwa kiapo cha mwanamke aliyekwisha kufa, mbele ya juzuu iliyobandikwa na Mwanaesha, na vikapu vya ndimu vikioza mvunguni. Nililia pale hitimani, na wenzangu wakadhani nalia kwa ajili ya maiti, wakanipisha.

Nilipotoka nilimwuliza mwalimu aliyesoma dua juu ya mtu anayetaka kuvunja kiapo. Akaniambia ni kulisha masikini kumi, au kufunga siku tatu kwa asiyeweza. Nikamwambia kulisha naweza. Idi ilipopita nilirudi Ozi na kikapu cha ndimu kutoka mti wa nyumba ile, na rundo la uwanga. Nikaosha mara nane, mabinti zangu wakinisaidia na kuuliza maswali ambayo siku zote nilikuwa nikiyakatiza. Kisha nikaita wanawake kumi wa hapa, wale wenye shida kuliko wengine, na wawili kati yao walikuwa na wagonjwa nyumbani. Niliwaambia waje na bakuli zao, na wasikae mbali, wakae karibu na chungu ili waone mkono wangu. Binti yangu mkubwa alitaka kufunga mlango kwa sababu ya moshi na upepo. Nikamwambia auache wazi, nikakamua ndimu ya kwanza.